Nyuzi za Siku za Mvua

Machi 2

Mke wangu amenipa daftari hili kwa sababu moja tu: amechoka kuniona nikizunguka sebuleni kama mtu aliyepoteza ufunguo. "Andika chochote," alisema. "Ukiandika, angalau utakaa." Basi nimekaa. Mguu mmoja unatikisika chini ya meza, lakini nimekaa.

Mvua imeanza jana. Kwa wengine hiyo ni habari ya miavuli. Kwangu ni habari ya ukuta. Mimi naendesha hadubini ya elektroni ya hospitali kuu, na chombo hicho, kirefu kuliko kabati la nguo, kimewekwa chini ya ardhi, mahali ambapo magari ya barabarani hayawezi kukitikisa. Watu wakisikia kazi yangu hunitazama kwa heshima kwa muda wa kumeza mate, halafu huuliza, "Kwa hiyo unakaa kule chini na maiti?" Ndiyo, mochwari ni mlango wa pili. Ni majirani wazuri, hawapigi muziki.

Mwaka jana maji yalipenya ukutani yakakaribia miguu ya mashine. Nililalamika kwa kila mwenye ofisi mpaka wakanichoka, wakamtuma fundi wa majengo achimbe shimo la kukusanya maji na kufunga pampu. Nikamwambia aiweke karibu kabisa na ukuta wangu, maji yasipate hata nafasi ya kufikiri. Leo imeunguruma mchana kutwa nyuma ya ukuta, na sakafu ni kavu. Niliupigapiga ukuta kama mtu anayempongeza ng'ombe wake.

Machi 4

Mvua. Pampu. Chai nyingi kuliko nilizoruhusiwa.

Machi 7

Shemeji kaleta kiti. Shemeji ni mdogo wake mke wangu, fundi makochi, mtu mwenye mikono ya kubeba sofa na mdomo wa kuiuza. Kiti hicho aliniahidi tangu watoto wangu wakiwa wanatambaa. Kimefika bila kitambaa, sponji nje, kama kuku aliyenyonyolewa.

"Kitambaa kinakuja, shem," alisema. "Lakini kwa nini niharakishe? Wewe mwenyewe hukai."

Tulicheka sana. Halafu wakati wa kuondoka viatu vikamkataa. Alivivua mlangoni, na sasa miguu haikuingia tena. Alijaribu kusimama, alijaribu kuinama, mwisho akavikanyaga visigino kama kandambili.

"Umenenepa mpaka kwenye nyayo?" nikamtania.

Mke wangu hakucheka. Alipiga goti pale mlangoni, akambonyeza mguu kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo, akatoa kidole. Kikabaki kishimo. Tulikitazama sote watatu. Kishimo kilikaa pale pale, kama kwenye unga uliokandwa.

"Kesho hospitali," mke wangu akasema.

"Kesho nina sofa ya watu..."

"Nimesema kesho."

Machi 8

Wamemlaza. Figo zinavujisha protini, ndiyo maana maji yanatuama mwilini. Hawajui kwa nini.

Machi 11

Daktari wa figo ni mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Hospitali nzima huniita Bwana Giza kwa sababu ya chumba changu, lakini yeye ndiye aliyeanzisha. Leo kashuka ngazi mwenyewe, jambo ambalo halifanyi bila sababu.

"Bwana Giza, yule wa kitanda cha dirishani ni nani wako?"

"Shemeji yangu."

"Ana maneno, eti! Kaniambia kiti changu cha ofisini kinanidhulumu mgongo." Akaketi juu ya meza yangu, miguu ikining'inia. "Tumetoa kipande cha figo yake. Chini ya hadubini ya kawaida kinaonekana kama figo ya mtu mzima wa afya. Sioni kitu. Na asiyekuwa na kitu havimbi hivyo."

Akanieleza bila kuzungusha, na namshukuru. Yako mambo mawili. La kwanza: seli zinazolinda vichujio vya figo zina vijiguu vyembamba vilivyosimama kwa mpangilio, zikiugua, vijiguu hulala. Hilo linatibika kwa vidonge, na wengi hupona kabisa. La pili: kuna nyuzi ndogo mno za protini mbovu zinazojikusanya kwenye figo, na pengine kwenye moyo. Hilo dawa yake ni kali, inaangusha mtu kabla ya kumwinua, na si wote wanaoinuka.

"Dawa ya moja ukimpa mwenye lingine umemwongezea mzigo," alisema. "Na figo zinashuka kila wiki. Mimi siwezi kubahatisha. Mawimbi ya mwanga wa hadubini yangu ni mapana mno kwa vitu hivyo. Yako ni membamba. Nitazamie."

Nilisema ndiyo. Nilipopanda ngazi baadaye nilijikuta nimefika ghorofa ya juu kabisa, na sikuwa na shughuli huko.

Machi 12

Jioni wodini. Shemeji amevimba mpaka kope, lakini mdomo uko salama. Wamemkataza chumvi, naye anaongea habari za chumvi kama mtu anayemsifu mchumba aliyeolewa na mwingine.

Akataka nimweleze nitakachofanya. Nikamwambia: mwanga ni wimbi, na wimbi la mwanga ni nene. Ni kama kutaka kujua umbo la tundu la sindano kwa kulipapasa na kidole gumba. Kitu kikiwa chembamba kuliko wimbi, wimbi linakipita bila habari. Kwa hiyo tunatumia elektroni.

"Elektroni si zile punje zilizomo kwenye umeme?"

"Punje, ndiyo. Lakini zikisafiri, zinasafiri kama wimbi. Na ukizisukuma kwa nguvu wimbi linakuwa jembamba ajabu, mara maelfu kuliko la mwanga."

"Shem, mimi ni mgonjwa, sio mjinga. Kitu ama ni punje ama ni wimbi."

"Hata mimi nilisema hivyo shuleni, nikapata sifuri. Sasa naliona kila asubuhi. Naweka utando wenye kishimo, naangalia ukingo wa kishimo. Zingekuwa punje tupu, kivuli kingekatika hapo basi. Lakini pembeni mwa ukingo kuna mstari mwangavu, na pembeni yake mwingine hafifu, kama viwimbi pembeni mwa jiwe mtoni. Punje hazifanyi hivyo."

"Labda zinasongamana. Zinasukumana."

Hoja nzuri, nilimwambia, kwa mtu asiye na chumvi mwilini. Watu walijaribu: walizipitisha moja moja, moja imeshatua ndipo nyingine inatoka. Kila moja ikatua kama doa, hapa moja, pale moja, bila mpango. Hakuna anayeweza kusema ijayo itatua wapi. Lakini madoa yakishakuwa mengi, yanajipanga mistari.

Akavitazama vidole vyake vilivyovimba, kimoja kimoja.

"Kwa hiyo zikiwa nyingi zinajulikana," alisema, "lakini ile moja haijui inakwenda wapi."

"Ndivyo."

"Daktari kaniambia hivyo hivyo. Kati ya wagonjwa wengi, kiasi hiki hupona. Nikamuuliza, na mimi je? Akasema hiyo hawezi kujua." Akavuta shuka. "Na mimi nina wimbi?"

"Kila kinachokwenda kina wimbi. Lakini kadiri kitu kinavyokuwa kizito, ndivyo wimbi lake linavyopungua."

"Basi langu limekwisha," akasema, akipigapiga tumbo lililojaa maji. Sista akaja kunifukuza kwa sababu ya kicheko, na kicheko kilikuwa chake peke yake.

Machi 14

Kipande cha figo kimegandishwa ndani ya plastiki ngumu, nimekikata vipande vyembamba kwa kisu cha kioo. Mikono haikutetemeka. Ikitoka kazini ndipo inapokumbuka.

Machi 15

Mvua kubwa. Leo nimetazama.

Vijiguu vimelala, hilo nimeliona. Moyo ukaruka kwa furaha. Halafu nikaongeza ukuzaji, na pale kwenye utando wa kichujio, palipotakiwa kuwa na chembechembe kama mchanga, nikaona vistari. Vifupi, vingi. Nyuzi.

Nikatoka nje ya chumba nikasimama koridoni. Jamaa wa mochwari akapita na kitoroli, akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia niko salama. Akasema, "Maana una rangi ya wateja wangu."

Nikarudi. Nikaangalia ukingo wa kishimo changu cha kila asubuhi: mistari ya mawimbi ilikuwa safi juu na chini, lakini kushoto na kulia imefutika. Hilo si geni. Mhimili, yaani bomba inamopita miale ya elektroni, ukichafuka kidogo, lenzi inavuta upande mmoja, nami nazungusha vifundo viwili vya kusawazisha mpaka mistari inarudi pande zote. Nikazungusha. Ikarudi nusu. Nikazungusha tena, ikapotea juu na chini. Saa nzima nilikuwa nikizungusha kama mtu anayetafuta stesheni ya redio milimani. Nyuzi zilibaki.

Machi 16

Daktari kaja, kaziona kwenye skrini kabla sijamwambia kitu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Picha haijatulia vizuri," nikasema haraka. "Nipe muda."

"Muda ninao mpaka mwisho wa wiki ijayo, Bwana Giza. Jumamosi lazima nianze dawa. Moja au nyingine."

"Na mgonjwa, utamwambia?"

"Kaniuliza asubuhi kama nimeona kitu. Mimi sidanganyi wagonjwa. Nitamwambia nina wasiwasi na nyuzi."

Machi 17

Kamwambia. Shemeji kasema, "Nyuzi ndani ya figo! Kazi imenifuata mpaka tumboni." Daktari kacheka, akatoka, akalia kwenye lifti. Hilo nimelipata kwa sista, wala si la kusambaza, na mimi nimeliandika tu.

Nyumbani mke wangu alikuwa akipiga pasi. Alipiga shati moja tangu nilipoingia mpaka nilipomaliza kula. Hakuniuliza. Ninajua aina zote za ukimya wake, na huu sikuupenda.

"Bado sijamaliza kutazama," nikasema.

"Sijakuuliza."

"Najua."

"Basi kaa chini, bwana wee, unanitia kizunguzungu."

Kiti pekee kilichokuwa wazi ni kile kisicho na kitambaa. Sikuweza kukikalia.

Machi 18

Mvua.

Machi 19

Mvua. Shemeji amewagawia mafundi wenzake nyundo na mikasi yake. Anasema ni kuazimisha. Mke wangu alipofika wodini na kulijua hilo alimsema mpaka kitanda cha tatu wakaanza kumwomba msamaha kwa niaba yake.

Machi 21

Mvua haijakatika. Nimefanya picha za wengine waliokuwa kwenye foleni ili nijisahaulishe. Mwanamke mmoja wa makamo, tatizo lake linajulikana tangu mwaka jana na halihusiani kabisa na nyuzi.

Ana nyuzi.

Nikaweka kipande cha figo ya panya, cha kufundishia wanafunzi. Panya naye ana nyuzi. Nikakaa, nikacheka peke yangu gizani, si kicheko cha furaha. Kama mji mzima mpaka panya wake wanaugua ugonjwa mmoja adimu, basi ugonjwa ni wa mwenye hadubini.

Ndipo nikafanya nilichotakiwa kufanya siku ile ya kwanza, kama kichwa changu kingekuwa mahali pake. Nikarudisha kipande cha shemeji, nikakigeuza robo duara. Utando uliokuwa umesimama ukalala. Mishipa ikageuka. Kila kitu kikageuka pamoja na kipande, isipokuwa nyuzi. Zenyewe zilibaki zikielekea upande ule ule, kushoto na kulia, kama waumini.

Nyuzi za kweli hulala ovyo, kila moja na njia yake. Na zingekuwa za figo, zingegeuka na figo. Hizi ni chembechembe za kawaida, kila moja imevutwa ikawa kistari. Kuna kitu kinaisukuma miale yangu kushoto na kulia, haraka mno, na picha inakusanya msukosuko wote huo. Ndiyo maana mawimbi ya ukingo yalifutika pande mbili tu. Ukingo ulikuwa ukinieleza kila asubuhi, mimi nikaona lenzi imechafuka.

Nimempigia Daktari nikamwambia asianze dawa. "Kwa hiyo hana nyuzi?" Nikasema sijui. Ninachojua ni kwamba siwezi kuona. Akasema, "Hiyo ni nusu ya habari njema. Niletee nusu ya pili."

Machi 22

Nimezima kiyoyozi. Nimezima taa za koridoni. Simu nimeipeleka orofa ya pili kama mtoto mtukutu. Nimeweka bakuli la maji sakafuni: maji yametulia, hakuna mtikisiko. Nyuzi ziko pale pale.

Machi 23

Nimemwota panya.

Machi 24

Mvua imepungua ikawa manyunyu. Nataka kuandika hili kwa utaratibu kwa sababu bado nina joto usoni.

Nilikuwa nimekaa mbele ya skrini, jicho kwenye ukingo wa kishimo, mkono kwenye kifundo, bila tumaini lolote. Ghafla picha ikasafika, kama mtu amenifutia miwani. Mistari ya mawimbi ikazunguka kishimo chote, juu, chini, kushoto, kulia, mistari miwili mitatu ikifuatana, mizuri mpaka nikaacha kupumua. Sikuwa nimegusa kitu. Nikasikiliza.

Kimya. Kimya cha ajabu. Nikajiuliza nini kimenyamaza, maana nilikuwa sisikii kelele yoyote kabla yake.

Halafu nyuma ya ukuta pampu ikawaka, nguruuu, na mawimbi ya kushoto na kulia yakafutika mbele ya macho yangu.

Pampu yangu. Niliyoililia kwa kila mwenye ofisi. Niliyoagiza iwekwe karibu kabisa. Mvua ikiwa kubwa haipumziki, ndiyo maana sikuwahi kuusikia ukimya wake. Nilipima mtikisiko kwa bakuli la maji, nikaona maji yametulia, nikaridhika. Sikuwaza mota. Mota ni sumaku inayogeuka huku na huku, na waya wake umepita chini ya sakafu yangu. Na mimi mkate wangu wa kila siku ni kupinda elektroni kwa sumaku! Ni kama mpiga picha aliyehangaika na kamera mwaka mzima kumbe kidole chake ndicho kiko mbele ya lenzi.

Nikamwita fundi wa majengo. Ni mtu wa maneno machache, na yote ni ya kejeli.

"Si uliniambia karibu?"

"Nilikwambia."

"Nikakuuliza, karibu kiasi gani? Ukasema niibandike."

"Nakumbuka, bwana."

"Basi nimeibandika." Akakuna kidevu. "Kuihamisha ni kuvunja ukuta na kutandaza waya upya. Mvua ziishe kwanza. Kuizima naweza sasa hivi, lakini shimo likijaa maji yanaingia kwako kabla hujamaliza kikombe cha chai."

Na mimi kukisawazisha chombo na kupiga picha za kutosha nahitaji sehemu kubwa ya alasiri, bila mota yoyote. Jumamosi ni keshokutwa.

Machi 25

Tumefanya.

Wazo lilikuwa la mke wangu, jana wakati wa chakula. Nilikuwa nikizunguka meza nikimweleza, yeye akanikata: "Kabla ya pampu watu walitoa maji kwa nini?"

"Kwa ndoo."

"Sasa unazungukia nini?"

Alasiri tulikusanyika koridoni: mke wangu na kanga imefungwa kiunoni, fundi wa majengo, jamaa wa mochwari, na Daktari mwenyewe, viatu kavua, suruali kaikunja magotini. Nje mvua inamwagika kama imelipwa. Fundi alikuja na ndoo nzuri ya bati. Nikapiga yowe.

"Chuma hapana! Chuma kikipita karibu, miale inayumba!"

"Huyu mtu," akasema, "mwakani ataniambia nivue na pete." Akaenda kutafuta za plastiki.

Halafu lifti ikafunguka, na shemeji akatoka kwenye kiti cha magurudumu, amevaa kandambili zilizokatwa mikanda ili miguu iingie.

"Nani kamruhusu huyu?" Daktari akauliza.

"Figo ni zangu," shemeji akasema. "Nashindwaje kuhudhuria?"

Kubeba alikatazwa, na kiti chake kina chuma, kwa hiyo tulimhamishia kwenye ngazi, mbali kidogo. Tukampa kazi inayomfaa: kelele. Nikiwa tayari kupiga picha nitasema "Simama," naye atalirudia kwa wote, maana hata hatua za miguu zinaonekana kule ndani. Watu wasimame walivyo, wasiguse sakafu kwa unyayo mwingine mpaka niseme "Haya."

Fundi akazima pampu.

Nikafunga mlango. Kwenye skrini mawimbi yakarudi kuzunguka kishimo, kamili. Nikasawazisha vifundo nilivyokuwa nimeviharibu mwenyewe kwa wiki nzima. Huko nje maji yanamwagwa, shwaa, ndoo zinapokezanwa, mke wangu anamwambia jamaa wa mochwari kwamba wateja wake wamemzoesha uvivu.

"Simama," nikasema.

"Simamaaa!" shemeji akanguruma kutoka ngazini, na jengo likanyamaza. Nilijua bila kuona kwamba kila mtu yuko na mguu hewani na ndoo kifuani.

Nikapiga. "Haya." Shwaa. "Simama." "Simamaaa! Wewe Daktari, nimekuona, umepepesa!" Nikapiga. "Haya."

Sikuwahi kufanya kazi hivyo. Kila elektroni iliyopita kwenye ile figo ilipita peke yake na kutua mahali pasipojulikana, na kidogo kidogo madoa hayo yakawa picha. Vijiguu vimelala, vyote, kama nyasi baada ya upepo. Nikahamia kwenye utando. Nikaongeza ukuzaji. Niliogopa kutazama, nikatazama ukingo wa meza, nikatazama saa, nikatazama.

Mchanga. Chembechembe, duara, zimetulia kila moja mahali pake. Nikageuza kipande robo duara. Mchanga. Nikaenda kichujio cha pili, cha tatu. Hakuna uzi hata mmoja.

Nikabaki pale. Nilitakiwa kusema "Haya," nikasahau.

"Shem!" sauti ikaja. "Watu wamesimama kwa mguu mmoja huku! Na mke wako ana ndoo kichwani!"

Nilifungua mlango. Maji yalikuwa yamefika kizingitini, yanachungulia ndani. Wote wanne walikuwa wameganda kweli kama sanamu. Nilitaka kusema jambo zuri, ikatoka, "Washa pampu." Kisha nikamtazama Daktari. "Vijiguu vimelala. Nyuzi hakuna."

Akanipita, nyayo zikiwa na maji, akaenda kutazama mwenyewe. Alikaa sana. Mke wangu akaketi ngazini kando ya mdogo wake, ndoo mapajani.

"Vidonge," Daktari akasema aliporudi. "Tunaanza leo, hatungoji kesho." Halafu akamnyooshea shemeji kidole. "Na mimi sikupepesa."

Machi 26

Nimelala mchana kutwa.

Aprili 4

Mvua. Shemeji yuko vile vile. Daktari anasema vidonge vinahitaji muda. Nimerudi kuzunguka.

Aprili 9

Yuko vile vile. Najua nilichokiona. Lakini wengi hupona, na yeye ni mmoja.

Aprili 13

Mke wangu kaanza tena lile shati.

Aprili 17

Sista kapiga simu: shemeji usiku kucha alikuwa njia moja, kitandani na msalani. Amelalamika kama mfalme aliyepinduliwa. Maji yanatoka!

Mei 6

Mvua zimeisha. Fundi wa majengo amevunja ukuta na kuhamishia pampu upande wa bustani. Kaniuliza, "Hapa mbali inatosha, au niipeleke wilaya nyingine?"

Mei 11

Leo shemeji kaja na kitambaa. Cha kijani, na misumari imemjaa mdomoni. Nyundo yake amerudishiwa, mikasi bado anagombana na mtu. Amepungua mpaka shingo imeonekana.

"Wimbi langu je?" akauliza, misumari ikimtoka pembeni mwa mdomo.

"Limerefuka kidogo."

"Nilijua. Nimekuwa nikiyumba."

Alifunika kiti, akakipiga makofi mawili, akasema sasa sina kisingizio. Mlangoni alivaa viatu, vile vile vya siku ile, akafunga kamba bila kukaa. Alipotaka kunyanyuka mke wangu akamwambia asubiri. Akapiga goti, akapandisha suruali, akabonyeza kidole gumba juu kidogo ya kifundo, akakishikilia hapo kwa muda mrefu kuliko lazima. Akatoa kidole.

Tuliinama wote watatu. Hakukuwa na kitu cha kuona. Tukaendelea kukitazama.